NANI ANAHESABIWA MU MUJI WETU?
Maneno tuliyowaambia wafanyakazi wa migodi na wenyeji wa muji



Tunawashukuru kwa kuja kisha kazi, wengine bado na vumbi la mugodi kwenye viatu. Hatukuwaita kwa kusifu wakubwa, wala kwa kutukana mutu. Tumewaita kwa neno moja tu: mu inchi hii, nani anahesabiwa kuwa mutu mwenye sauti, na nani anahesabiwa mikono tu?

Tofauti yake munaijua. Mikono inahesabiwa asubui kwenye mulango wa kazi. Lakini mutu mwenye sauti anaulizwa mbele ya shauri kukatwa. Mukono unapewa mushahara. Mutu anapewa hesabu ya mali yote, anaona ilitoka wapi na ilikwenda wapi.

Tukumbuke kwanza njia tuliyotoka. Wakati wa Wabeleji, babu zetu walihesabiwa sana: namba ya kazi, namba ya nyumba ya kambi, posho ya unga, alama ya kidole ndani ya kitabu cha kazi. Kila kitu chao kiliandikwa, isipokuwa mawazo yao. Mu Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walisimamisha kazi mu Elisabethville, kwa sababu vita ilipandisha bei ya vitu na mushahara ulibaki chini. Tarehe 9, askari waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mupira. Makumi ya watu walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi, aliyesema kwa ajili ya wenzake. Ruhusa ya wafrika kuwa na sendika ilikuja kisha, mu 1946, tena chini ya macho ya serkali.

Halafu wakoloni walitafuta njia ya kutugawanya. Mu 1948 walileta kadi ya sifa njema, na mu 1952 wakaleta sheria ya kuandikisha wale walioitwa wenye maendeleo. Mutu aliyeomba kuandikishwa alitembelewa nyumbani na wakubwa waliokuja kuangalia ginsi anavyoishi na muke wake na watoto wake. Mutu mukubwa anapimwa kama mutoto wa masomo! Wachache sana waliipata karatasi ile. Wengine wote waliambiwa: ngojeni, bado hamujaiva.

Kura ya kwanza tuliiona mu Desemba 1957, wakati watu wa Léopoldville, Elisabethville na Jadotville walipochagua washauri wa komini. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini walioitwa kupiga kura walikuwa wanaume wa miaka 25 na zaidi. Mu uchaguzi wa Mei 1960, ule uliozaa bunge la kwanza la uhuru, wanaume tena peke yao. Wamama, waliouza maandazi kwa kulisha nyumba wakati wa migomo, walibaki inje ya mulango mupaka Katiba ya 1967.

Wandugu, mwaona funzo lake. Kila mara mulango ulipofunguliwa, ulifunguliwa nusu. Na wale walioingia walisahau upesi wale waliobaki inje. Kwa hiyo leo tusiulize tu kama tuna kura. Kura tunayo. Tuulize: nani bado anasimama inje, na sisi tulio ndani tunafanya nini na nafasi yetu? Tunaona watu wa namna tatu.

Wa kwanza ni wachimbaji wa mikono. Wakati Gécamines ilipoanguka, na mu 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoachishwa kwa malipo ya mara moja, wengi walichukua nyundo na mufuko na wakaenda kuchimba wenyewe. Watoto wao walifuata njia ile ile. Leo cobalt ya mikono yao inakwenda mu betri za magari na simu za dunia nzima. Sheria ya madini inasema wachimbe mu maeneo yaliyowekwa na Waziri, wawe na kadi, wawe ndani ya koperative. Ni sheria nzuri kwenye karatasi. Lakini maeneo yale hayatoshi, na mengine hayana madini ya kutosha ama yako mbali. Basi mutu anaingia usiku ndani ya udongo wa sherika, na akifa pale anaitwa mwizi. Mu Juni 2019, karibu na Kolwezi, udongo uliporomoka na kuua wachimbaji makumi. Siku ile wote walilia. Lakini mbele ya siku ile, nani aliwauliza wachimbaji wale maeneo yao yawekwe wapi?

Na ninyi wenye mukataba na kofia ya chuma, musiseme: hayo si mambo yetu. Mufanyakazi wa sherika ndogo inayokodisha watu, anayelipwa chini ya wewe kwa kazi ile ile, amekwisha kuwa nusu ya njia kati yako na yule muchimbaji. Mukubwa wa kazi akitaka kupunguza mushahara wako, atakuonyesha wale wanaongoja inje. Ukimutetea yule wa inje, unajitetea mwenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wa pili ni wamama. Katiba ya 2006, mu kifungu cha 14, inasema mwanamuke na mwanamume wawe sawa mu kazi za inchi. Mu 2024 tuliona mwanamuke wa kwanza, Judith Suminwa Tuluka, akitajwa kuwa Waziri wa Kwanza. Tunapiga mikono. Lakini teremukeni kutoka Kinshasa mupaka hapa. Nendeni pale wamama wanapookota na kuosha mawe, migongo imeinama ndani ya maji tangu asubui. Uzito wa mufuko anautaja munyunuzi, bei anaitaja munyunuzi, na mu kamati ya koperative mara nyingi hamuna mwanamuke hata mumoja. Mu mukutano wa kartie, mama anaitwa kupika na kupanga viti. Nani anajua bei ya unga kumushinda yeye? Nani anajua kisima gani kina maji mabaya? Komini inayokata mashauri ya maji bila wamama ni kama fundi anayejenga nyumba huku jicho moja limefungwa.

Wa tatu ni wale wanaoitwa watu wa kuja. Hapa tuseme bila kuogopa. Mu uchaguzi ule wa 1957, wengi waliopata ubulugumesta mu Elisabethville walikuwa watu wa asili ya inje ya Katanga. Badala ya kuuliza kama wanafanya kazi muzuri, watu walianza kuuliza babu zao walizikwa wapi. Mu Oktoba 1958 chama cha Conakat kilizaliwa kwa kutetea waliojiita wenye inchi, na mu 1959 chama cha wazungu wakoloni wa Katanga kikajiunga nacho. Musishangae: mwenye mali anapenda kuona watumishi wakigombana juu ya asili, maana hawataulizana tena juu ya mushahara.

Tena mu 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai, mamia ya maelfu, walifukuzwa mu Likasi, Kolwezi na miji mingine. Wengi walizaliwa hapa, watoto na wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na sherika wenyewe kwa kuchimba shaba. Walilala kwenye stesheni za treni pamoja na wazee na watoto wachanga, na wengine walikufa njiani. Tunawauliza ninyi muliobaki: nyumba zao zilipochukuliwa, mushahara ulipanda? Gécamines ilisimama tena? Hapana. Tulipoteza mafundi, waalimu na majirani, na ufukara ukabaki pale pale. Sasa mukisikia mutu anataka kura yenu kwa kuwaonyesha jirani wa kuchukia, mujue kwamba hana neno lingine la kuwapa.

Wengine watasema: wandugu, haya yote ni siasa, na siasa ni kazi ya wadepite. Tunajibu: siasa iko kwenye bomba la maji lako. Angalieni hesabu. Sheria ya madini iliyogeuzwa mu 2018 inagawanya kodi ya madini hivi: 50 kwa 100 kwa serkali ya Kinshasa, 25 kwa provensi, 15 kwa komini, sekta ao usultani wa pale mugodi ulipo, na 10 kwa mufuko wa wazao wa kesho. Zaidi ya ile, sherika inapashwa kuweka pembeni si chini ya 0.3 kwa 100 ya mauzo yake ya kila mwaka kwa maendeleo ya watu wa pale, na wajumbe wa watu wanakaa mu kamati ya kuangalia feza ile. Tena sherika inapashwa kuandika mapatano pamoja na watu wa pale: shule gani, dispensari gani, barabara gani, na kwa mwaka gani.

Basi feza hiyo haingoji Kinshasa. Inakuja mupaka komini. Na komini ni yetu kwa miguu: mutu anaweza kwenda na kurudi kabla ya kuanza kazi ya usiku. Mu Desemba 2023, kwa mara ya kwanza chini ya Katiba hii, watu wa miji mikubwa ya provensi walichagua washauri wa komini. Ni nani katika ninyi anayejua jina la mushauri wake? Ni nani aliyekwisha kumuuliza ile 15 kwa 100 iliingia ngapi na ilifanya nini? Kama hakuna anayeuliza, hatuwezi kushangaa kwamba hakuna anayejibu.

Kwa hiyo tunawaomba mambo mane.

Moja: mu kila kartie, wachagueni watu wawili, mwanamume na mwanamuke, waende komini kuomba hesabu kwa maandishi, na warudi kuisoma mbele ya wote, kwa Kiswahili, si kwa Kifransa cha kuficha.

Mbili: mu sendika na mu koperative, kamati ichaguliwe kwa kura ya siri, na kitabu cha feza kifunguliwe kwa kila mwenye kulipa. Hatuwezi kudai kwa serkali kitu tunachokataa kufanya mu nyumba yetu.

Tatu: wafanyakazi wenye mukataba wawaite wachimbaji wa mikono na wale wa sherika za kukodisha mu mikutano yao. Wapewe kiti na wapewe neno.

Ine: mutu akisimama kuchochea kabila juu ya kabila, mukutano umunyamazishe palepale, hata akiwa ndugu yetu, hata akiwa wa chama chetu.

Hatuwadanganyi kwamba njia hii ni fupi. Karatasi zitapotea mu ofisi, mukubwa atasema rudi kesho, na wengine watachoka. Lakini wale wa 1941 walisimama bila kura, bila Katiba, bila haki ya kukusanyika. Sisi tunazo zote tatu. Itakuwa haya kwetu tukikaa kimya na silaha tatu mu mukono.

Wandugu, Katiba mu kifungu cha 5 inasema ukubwa wa inchi ni mali ya raia. Haikusema raia wanaume, wala raia wenye kadi ya kazi, wala raia waliozaliwa kandokando ya mugodi. Ilisema raia. Basi mukirudi nyumbani usiku huu, muwahesabie watoto wenu jirani zenu wote, nyumba kwa nyumba, bila kuruka hata moja. Na juma linalokuja, mu mukutano wa kartie, viti viwe vya kutosha.