Cheti cha Usaidizi wa Kisheria na Njia ya Uwakili



Mzazi anayetaka kuuza ng'ombe amlipie mwanawe kozi ya usaidizi wa kisheria huuliza: kijana atakuwa wakili? La. Cheti hicho hakimfanyi wakili. Bado atahitaji shahada ya sheria, masomo ya Kenya School of Law, miezi sita ya mazoezi chini ya wakili, na mtihani wa Baraza la Elimu ya Sheria. Sharti la alama za kidato cha nne nalo limewafikisha wengi mahakamani.

Hata hivyo, karo hiyo haipotei bure. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi hawa, mradi wawe na idhini na wasimamiwe. Kijana atamsikiliza mjane anayefukuzwa shambani, amweleze kwamba kesi ya mirathi huanza na cheti cha kifo na barua ya chifu, kisha amsindikize kortini. Mambo hayo hayasomwi darasani pekee, na wakili anayeanza bila kuyajua huonekana.

Anayechagua stashahada aulize kwanza, kabla ng'ombe hajafika sokoni, kama chuo kina leseni ya Baraza hilo.