Basi la Umeme Litafika Modogashe?

Tangu 2022 kampuni ya BasiGo imekuwa ikiingiza mabasi ya umeme jijini Nairobi. Huchajiwa usiku, na chaji moja huenda takriban kilomita 250. Kwa safari za mjini, zinatosha.

Huku kwetu Modogashe ni habari nyingine. Basi la Garissa hupakia magunia juu ya keria, likapita mchangani mchana wa jua kali; katika hali hiyo betri ya basi la umeme ingeisha haraka. Na ikiisha njiani, nani atakuletea umeme kwa jerikeni?

Ajabu ni kwamba umeme tunao! Mtambo wa jua wa Garissa, uliozinduliwa Desemba 2019, una uwezo wa kuzalisha takriban megawati 50. Vikao vya bajeti ya kaunti vikiitishwa, nenda uulize: kituo cha kuchaji kitajengwa wapi?