Kupimwa Mkojo na Damu: Hotuba Mbele ya Mkutano wa Mwaka, Moi's Bridge



Nimetakiwa niseme juu ya maji ya mwili, yaani mkojo na damu, na jinsi matabibu wanavyoyasoma. Najua kwamba mkojo si neno la kutajwa mbele ya wazee. Lakini aibu hiyo huwachelewesha wagonjwa, basi mniwie radhi.

Kila mkulima wa hapa ajua kwamba mahindi hayapokewi ghalani kwa kutazamwa tu. Mtu aweza kuuma punje na kuapa kuwa imekauka, lakini kipimo kikionyesha unyevu umezidi asilimia 13.5, gunia hurudi kuanikwa, wala mwenyewe hasemi amerogwa. Mwili nao una mambo yasiyoonekana kwa macho.

Watu wa kale wa Bara Hindi walitambua kisukari kwa sisimizi waliokusanyika penye mkojo wa mgonjwa. Mwaka 1908 Mmarekani mmoja, Stanley Benedict, alitangaza dawa yake ya buluu iliyotengenezwa kwa chumvi ya shaba. Hutiwa matone machache ya mkojo, kisha huchemshwa. Ikibaki buluu, sukari haipo. Ikigeuka kijani, au manjano, au nyekundu kama tofali, sukari ipo, na kadiri inavyokaribia tofali ndivyo ilivyo nyingi. Mwaka 1956 kilianza kuuzwa kijiti cha kuchovya tu, pasipo moto.

Hata hivyo kijiti si hakimu wa mwisho. Figo kwa kawaida huizuia sukari mpaka ile ya damuni ipite kama milimoli 10 kwa lita. Kwa hiyo mtu aweza kuwa mgonjwa na mkojo wake usionyeshe kitu. Tena mjamzito aweza kuonyesha sukari mkojoni na damu yake ikawa salama. Ndiyo sababu damu hupimwa asubuhi kabla ya kula: ikifika 7.0 au zaidi, na kipimo kikirudiwa siku nyingine kikatoa jibu lilo hilo, basi ni kisukari.

Lakini linalonihangaisha zaidi ni la wajawazito. Mimba ikipita wiki 20, shinikizo la damu likafika 140 kwa 90, na kijiti kikaonyesha protini mkojoni, hapo kifafa cha mimba chanyemelea, nacho huua mama na mtoto. Mama mwenyewe huenda asisikie maumivu yoyote siku hiyo. Basi mzee amwambiaye mkaza mwanawe angoje nyumbani mpaka uchungu uanze, amemnyima kipimo cha dakika mbili ambacho kingaliwaonya wauguzi mapema, wakampa dawa na kumpeleka Kitale au Eldoret kungali mchana na barabara inapitika.

Nimalizie na habari ya chupa, maana hapo wengi huharibu kazi. Chupa ya soda au ya asali isiyooshwa vema huacha sukari ndani yake, na mtu mzima akaambiwa ana kisukari. Iliyosuuzwa kwa dawa ya kung'arisha nguo nayo hukidanganya kijiti vivyo hivyo. Mkojo upelekwe ungali mpya, usilale nyumbani. Na aliye na shaka na chupa yake aiache, aombe kikopo safi kule kule zahanati.