Kujitolea ni Amana: Maisha ya Mzee Tom Moore

(Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa umma.)



Nimeombwa nizungumze juu ya moyo wa kujitolea. Ni jambo tunalolitaja sana majukwaani, na pengine kwa kulitaja mno tumelizoea hata halituchomi tena. Kwa hiyo leo sitahubiri. Nitawasimulia maisha ya mzee mmoja, kisha nitawauliza swali.

Mzee huyo ni Mwingereza, Tom Moore. Alizaliwa tarehe 30 Aprili 1920 katika Keighley, mji mdogo wa viwanda vya sufu huko Yorkshire. Hakutoka katika ukoo wa mabwana. Baba yake alikuwa mtu wa kazi za ujenzi, na mama yake alikuwa mwalimu mkuu. Kijana alijifunza uhandisi wa ujenzi, na mwaka 1940 akaandikishwa jeshini. Alipelekwa India, kisha Burma, katika jimbo la Arakan, ambako askari alipigana na Wajapani huku akipigana pia na mvua, matope na homa.

Hapo ndipo habari zake zinapokutana na zetu. Wazee wetu wa Keya nao walikuwa Burma. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndani yake walikuwamo vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ilipita katika Bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa hadi ikafika Kalewa, kwenye Mto Chindwin. Wengine hawakufika hata vitani: tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilizamishwa katika Bahari ya Hindi, na mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki wakazama nayo. Waingereza wenyewe waliliita jeshi la Burma jeshi lililosahauliwa. Kama Mwingereza alisahauliwa mara moja, Mwafrika alisahauliwa mara mbili, maana hata fedha za kuagwa jeshini zilipimwa kwa rangi ya ngozi.

Turudi kwa mzee wetu. Baada ya vita hakufanya jambo la kuandikwa magazetini. Aliuza vifaa vya kuezekea, kisha akawa meneja wa kiwanda cha bidhaa za zege katika sehemu za Cambridgeshire. Lakini kwa zaidi ya miaka 60 alikuwa ndiye mwenye kuandaa mkutano wa kila mwaka wa askari wenzake. Fikirini kazi hiyo ilivyo: kuandika barua, kutafuta anwani, kuulizia nani mgonjwa na nani amefariki, na kila mwaka kukuta viti vimepungua. Haina mshahara wala makofi. Na mkewe alipopoteza kumbukumbu na kuwekwa katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, Mzee Moore alikuwa akienda kumtazama kila siku. Mkewe alifariki mwaka 2006, naye mzee akahamia kwa binti yake katika kijiji cha Marston Moretaine.

Mwaka 2018 alianguka akavunjika nyonga. Madaktari na wauguzi wa hospitali za umma walimtibu, naye hakusahau. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia Uingereza mwaka 2020, aliamua kulipa fadhila. Alikuwa na umri wa miaka 99, akijishikiza kwenye fremu yenye magurudumu. Alitangaza kwamba kabla ya kutimiza miaka 100 atatembea mizunguko 100 uani, kila mzunguko mita 25, ili achangishe pauni 1,000 za kusaidia watumishi wa hospitali na wagonjwa wao.

Ndugu zangu, mizunguko hiyo yote kwa jumla ni kilomita mbili na nusu tu. Mtoto wa shule ya msingi huko vijijini huitembea asubuhi kabla kengele haijalia. Lakini watu waliona mzee akitoa kile alichokuwa nacho, yaani hatua zake. Kabla mwezi haujaisha zilikuwa zimepatikana zaidi ya pauni milioni 30, kutoka kwa watu wapatao milioni moja na nusu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Msingi ni watu na juhudi zao. Mzee huyu, ambaye hakuwa mjamaa wala hakudai kuwa mjamaa, aliuthibitisha ukweli huo kwa miguu yake.

Wapo waliouliza, na waliuliza kwa haki: kwa nini hospitali za nchi tajiri, zinazoendeshwa kwa kodi, zingoje mzee atembee? Jibu ni kwamba kujitolea kwa mwananchi hakuwezi kamwe kuwa kisingizio cha Serikali kuacha wajibu wake. Fedha zile zilikwenda kwenye mambo ya ziada, kama vile vyumba vya wauguzi kupumzikia. Mshahara wa muuguzi ulibaki kuwa deni la Serikali.

Julai 2020 Malkia Elizabeth alimtunukia cheo cha heshima. Tarehe 2 Februari 2021 alifariki hospitalini, akiwa na umri wa miaka 100. Natamani ningeishia hapa. Lakini hadithi ina sehemu ya pili, na hiyo ndiyo inayotuhusu sisi zaidi.

Mwaka 2020 familia yake iliunda mfuko wa hisani wenye jina lake. Huo ni mbali na zile fedha za hospitali, ambazo zilifika zilikokusudiwa. Mwaka 2022 tume inayosimamia vyama vya hisani ilianza uchunguzi, na Novemba 2024 ikatoa taarifa yake: binti yake na mumewe walikuwa wamenufaika binafsi kutokana na jina hilo. Malipo ya vitabu vya mzee, zaidi ya pauni milioni moja, yalikwenda kwenye kampuni ya familia, hali wananchi waliamini kwamba wakinunua kitabu wanauchangia mfuko. Jengo lililoombewa kibali kwa kutaja jina la mfuko liliishia kuwa na bwawa la kuogea la nyumbani, na mamlaka yakaamuru libomolewe. Familia ilipinga matokeo ya uchunguzi huo. Hata hivyo imani ya watu ilikwisha kujeruhiwa, na mwenye jina alikuwa kaburini, hawezi kujitetea.

Sasa swali langu. Je, sisi tunakaa upande gani wa hadithi hii? Wachache wetu watakuwa Mzee Moore. Lakini karibu kila mmoja aliyeketi hapa amewahi kushika daftari la michango: la darasa, la zahanati, la kisima, la msiba. Sekondari nyingi za kata zilisimama kwa tofali la mkulima na kuku aliyeuzwa na mama mjane. Fedha hizo zilipita mikononi mwa watumishi na walimu kama sisi. Mwananchi anapotoa, hutoa mara mbili: hutoa shilingi yake, na hutoa imani yake. Shilingi ikipotea inaweza kutafutwa nyingine. Imani ikipotea, mwakani utapiga mbiu ya mgambo na hakuna atakayetoka.

Kwa hiyo, ndugu zangu, stakabadhi iandikwe siku ile ile, hesabu zisomwe mkutanoni bila kungoja kudaiwa, na tofali lililotolewa kwa darasa lisionekane katika ukuta wa nyumba ya mtu. Tuwaheshimu pia wazee wanaojitolea katika miji yetu midogo wangali hai, kabla hatujawajengea sifa za kaburini. Mzee akishatembea mzunguko wake wa mwisho, kinachobaki mikononi mwetu ni amana, na mwenye amana atakuja kuuliza.