Tairi la Baiskeli na Mkoba wa Mkulima

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na maofisa katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Wenzetu wengine watakaosimama hapa watasema habari za bei ya mazao, za maghala na za mikopo. Sisi tuliopewa na Halmashauri kazi ya kuangalia uchukuzi tumechagua kusema juu ya kitu kidogo, nacho ni tairi la baiskeli. Twaomba mtu asicheke. Kahawa ya mkulima wa milima ya Manyovu, mawese ya mkulima wa Simbo, na dagaa wanunuliwao pwani ya Kibirizi, aghalabu huanza safari yao juu ya magurudumu mawili kabla ya kuonana na lori, garimoshi au meli. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini tangu siku hiyo hata leo haijapita mlangoni kwa mkulima. Kutoka shambani hadi ghala la chama, mzigo huchukuliwa na mtu na baiskeli yake, na baiskeli husimama juu ya mipira miwili. Mipira hiyo ikishindwa, safari nzima imeshindwa.

Katika vyama vyetu vya msingi limezuka ombi kwamba Chama Kikuu kinunue matairi kwa wingi na kuwauzia wanachama. Ombi hilo ni jema. Lakini kila lilipotajwa, swali la kwanza lilikuwa: "Lipi lililo rahisi kuliko yote?" Shauri letu ni kwamba swali hilo lisiwe la kwanza. La kwanza liwe hili: "Lipi litakalomchukua mwanachama na mzigo wake mwendo mrefu zaidi kwa kila shilingi aliyoitoa?" Wahenga walisema, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nasi tukijinunulia miiba kwa fedha za ushirika, hatutapata wa kutupa pole.

Kwanza yafaa tukijue kitu chenyewe. Mtu wa kwanza kupata hati ya kubuni gurudumu la mpira wenye upepo alikuwa Robert William Thomson, Mskochi, mwaka 1845. Lakini wazo lake lilisahauliwa. Mwaka 1888 mganga wa mifugo John Boyd Dunlop, aliyekuwa akikaa Belfast, alilifufua kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake, na kutoka hapo baiskeli za upepo zikaenea duniani. Mpira ukahitajiwa kwa wingi. Na tukumbuke kwamba ng'ambo ya ziwa letu hili, katika nchi ambayo milima yake twaiona kunapokuwa kweupe, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliitawala Kongo kama shamba lake mwenyewe tangu 1885 hata 1908. Watu wa misitu ya nchi ile walilazimishwa kuugema mpira kwa mjeledi na kwa bunduki, wakafa wengi mno. Hatulitaji jambo hili ili kutia huzuni katika sherehe. Twalitaja kwa sababu laonyesha hali ya mkulima asiye na sauti katika biashara: wengine hupanga bei, yeye hulipa. Sisi leo tuna sauti, maana tuna chama. Basi tuitumie hata katika kununua tairi.

Adui za tairi katika nchi yetu ni wanne. Wa kwanza ni mwiba. Uko mwiba wa mchikichi, unaoanguka pamoja na makuti yake, na kila alimaye michikichi anajua ukali wake. Iko na mbigili, ambayo tunda lake hata likianguka namna gani, ncha moja hutazama juu. Adui wa pili hukaa barabarani: vigae vya chupa, misumari, na nyaya nyembamba zitokazo katika matairi ya malori yaliyopasuka. Barabara ya lami kupitia Mwandiga imetupunguzia mawe, lakini nyaya hizo ni zao la lami. Wa tatu ni uzito pamoja na upungufu wa upepo. Wa nne ni jua na mafuta, nao huharibu polepole bila kelele.

Adui wa tatu twataka tumpigie hesabu. Dumu la lita 20 la mawese lina uzito wa kilo 18 hivi. Madumu manne ni kilo 72. Mwenye baiskeli, tuseme, ana kilo 65, na baiskeli yenyewe kilo 20. Jumla ni kilo 157, na sehemu kubwa ya uzito huo hulala juu ya gurudumu la nyuma. Upepo ukiwa haba, gurudumu likigonga jiwe, mpira wa ndani hubanwa baina ya jiwe na rimu, nao hutoboka matundu mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu kama alama ya meno ya nyoka. Mwenyewe hulaumu mwiba, naye fundi hutafuta mwiba asiuone. Hapakuwa na mwiba. Palikuwa na upepo haba.

Hatari kubwa zaidi iko katika kushuka. Ziwa letu liko kiasi cha mita 770 juu ya bahari, na mashamba ya kahawa yako juu milimani, mbali sana juu ya hapo. Mtu ashukaye na gunia zito, breki zikisugua rimu mpaka ikawa moto, tairi lake la mbele likipasuka, hana usukani tena. Kwa hiyo tusemapo tairi bora hatusemi habari ya fedha peke yake. Twasema pia habari ya mifupa na roho za watu.

Sasa twaja kwenye kuchagua. Jambo la kwanza ni kipimo. Msiridhike na neno "inchi 28" tu, maana yako matairi ya namna zaidi ya moja yaitwayo hivyo. Tazameni ubavuni nambari mbili zenye kistari katikati. Baiskeli zetu nyingi nzito, kama zile za Phoenix, hutaka 40-635: nambari ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, na ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa katika rimu. Lile jingine la inchi 28 huandikwa 622 mwishoni, nalo halikai kabisa katika rimu ya 635. Kadhalika inchi 26: liko la 559 na liko la 590. Chama kikiagiza shehena nzima kwa kosa la nambari moja, ghala litajaa mipira isiyo na mwenyewe.

Jambo la pili ni upana. Yako matairi membamba ya mashindano, mepesi na yenye kwenda mbio, lakini hayakufanywa kwa ajili ya madumu. Hata katika mashindano ya Paris–Roubaix huko Ufaransa, yaliyoanza mwaka 1896, wapandaji wakijua kwamba watapita juu ya mawe huweka matairi mapana kuliko ya kawaida yao. Ikiwa bingwa asiye na mzigo hufanya hivyo, mkulima mwenye gunia afanyeje?

Jambo la tatu ni unene na kinga. Mitaro ya juu ya tairi hushika tope, lakini si hiyo izuiayo mwiba. Kizuiacho ni unene wa mpira wa katikati, na nyuzi zilizo chini yake, na utepe wa kinga ikiwa upo. Tepe hizo ni za namna mbili. Moja hufumwa kwa nyuzi ngumu za aramidi, jamii ya Kevlar, iliyovumbuliwa Marekani na Stephanie Kwolek mwaka 1965. Nayo hufaa sana kwa vigae vya chupa, ingawa mwiba mwembamba huweza kupenya baina ya nyuzi. Nyingine ni tabaka la mpira mnene, pengine hata milimita 5, na hiyo ndiyo izuiayo miiba. Lakini huongeza uzito na bei. Hakuna tairi lisilotoboka kabisa. Yale yasiyo na upepo ndani hayapati pancha, ni kweli, lakini ni mazito, hutikisa mzigo, na huchosha spoku na mgongo wa mwenyewe.

Jambo la nne ni uzima. Likunjeni tairi kwa mikono kabla ya kulipa. Likionyesha nyufa ubavuni, limekaa juani au limezeeka dukani, hata kama karatasi yake ingali mpya. Kisha lipimeni. Mizani tunayo, ni mizani ile ile ipimayo kahawa yetu. Kati ya matairi mawili ya kipimo kimoja, lililo jepesi sana huenda limepunjwa mpira. Mizani haisemi yote, lakini haidanganyi kama karatasi ya nakshi.

Jambo la tano ni bei, nayo tumeiweka mwisho makusudi. Tuchukue mfano, bila kusema kwamba ndiyo bei ya duka fulani. Tairi moja ni shilingi 10,000 na hudumu miezi 4. Jingine ni shilingi 18,000 na hudumu miezi 12. Mwenye kununua la rahisi atanunua matatu kwa mwaka, atoe shilingi 30,000. Mwenye kununua la ghali atatoa 18,000. Tofauti ni shilingi 12,000 kwa gurudumu moja. Katika wanachama 500 ni shilingi milioni 6, mbali na viraka, mbali na siku zilizopotea, mbali na samaki waliooza njiani.

Lakini tairi bora likitunzwa vibaya litakufa kama lile baya. Jazeni upepo kwa kadiri iliyoandikwa ubavuni, na mwutazame kila mnapopakia mzigo mkubwa. Jioni zungusheni gurudumu na kung'oa miiba iliyoshika, maana mwiba wa leo hutoboa kesho kutwa. Mawese yakimwagika juu ya mpira, yaosheni kwa sabuni siku ile ile, kwa sababu mafuta huulainisha na kuuozesha. Msiianike baiskeli juani kutwa nzima. Mkiziba pancha, pitisheni kitambaa ndani ya tairi mpaka mwione sababu, na mtazame kama utepe wa rimu umefunika vichwa vya spoku. Mkinunua tairi jipya moja, litieni mbele, na la mbele lililo zima lirudi nyuma. Maana la nyuma likipasuka mtu husimama, la mbele likipasuka mtu huanguka. Na nyuzi zikionekana, lishusheni. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaleta mbele ya wanachama mapendekezo matatu. La kwanza, Chama Kikuu kisiagize shehena kwa kuona sampuli moja juu ya meza. Kinunue jozi chache za aina mbalimbali, kiwape wanachama kumi wenye njia mbalimbali, wa milimani na wa pwani, wazitumie kwa msimu mzima. La pili, kila mmoja wao awe na daftari, aandike safari, mizigo na pancha zake, na daftari hizo zisomwe waziwazi mbele ya Mkutano Mkuu. La tatu, mwanachama asiye na fedha ya mara moja akubaliwe kulipa kidogo kidogo kutoka katika mauzo ya mazao yake, ili umaskini usimlazimishe kununua la rahisi ambalo mwishowe ni ghali.

Miaka kumi iliyopita kila mmoja wetu alikwenda sokoni peke yake, akapokea bei aliyopewa. Tukajifunza kuuza pamoja. Sasa na tujifunze kununua pamoja, tena kwa macho yaliyofunguka. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mkulima mmoja hawezi kujaribu matairi ya aina kumi. Lakini chama chaweza. Siku moja mwenzetu atakapokuwa akishuka mlimani jioni, gunia liko nyuma, ziwa laonekana mbele yake, na tairi lake limeshika barabara, afike salama kwa watoto wake. Hiyo itakuwa faida ya ushirika, ingawa haitaandikwa katika hesabu ya mwaka.