Kwa Mungu hakuna daraja la tatu



Juma hili nataka tuzungumze habari ya kukata tamaa. Sisemi juu ya mtu aliyefeli mtihani au aliyekosa kazi, akalala na huzuni, kesho yake akaamka na nguvu mpya. Nasema juu ya siku ile ambayo mtu huinua macho akaona mbingu zimefungwa, na hata sala aliyofundishwa na mama yake haitoki kinywani.

Sisi wa Mwanza na kandokando ya Ziwa Viktoria siku hiyo tunaijua kwa tarehe yake. Ni Jumanne, 21 Mei, 1996. Meli ya MV Bukoba ilikuwa imeondoka Bukoba usiku wa kuamkia siku hiyo, ikapitia Kemondo kuchukua abiria na mizigo zaidi. Asubuhi, ikiwa imebakiza mwendo mfupi tu kufika Mwanza, ikalala ubavu, ikapinduka. Meli hiyo ilitakiwa kuchukua abiria 430. Waliopotea walikuwa mamia, na wengi hutaja 800 au zaidi. Hesabu hazilingani, na sababu yake ni jambo la kuumiza moyo. Ilipotafutwa orodha ya abiria, ilikuwa ya waliolipia daraja la kwanza na la pili. Wale wa daraja la tatu hawakuandikwa.

Hebu fikirini, ndugu zangu. Mchuuzi na mikungu yake ya ndizi, kijana anayekwenda kutafuta kazi, mama na mtoto mgongoni. Walilipa nauli yao, wakakaa palipopatikana, wakaenda na maji bila jina lao kubaki katika karatasi yoyote.

Kuna na jambo la pili. Meli ilipopinduka haikuzama mara moja. Ilibaki ikielea kifudifudi, na ndani yake mlikuwa na watu walio hai. Waokoaji wakatoboa tundu ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, nayo ikaenda chini. Waliotoboa walikuwa na nia njema kabisa. Ni nani kati yetu awezaye kuubeba uchungu wa namna hiyo?

Katika msiba kama huo sisi tuna maneno yetu tayari. Twasema, “Kazi ya Mungu haina makosa.” Twasema, “Jitihada haiondoi kudura.” Ni maneno ya imani, wala sitaki kuyadharau. Lakini yapo maneno ya kweli yanayosemwa kabla ya wakati wake. Someni habari za Ayubu. Rafiki zake walipomkuta katika majivu, walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo walifanya vema. Waliharibu walipofungua vinywa na kuanza kumweleza kwa nini Mungu amemtenda vile. Mfiwa hahitaji kwanza maelezo. Anahitaji mtu wa kukaa naye mkekani. Na wapo wenzetu wengi walioketi matanga bila maiti ya kuzika. Hao walihitaji ukimya huo kuliko hotuba zetu zote.

Tena maneno hayo matakatifu yaweza kugeuzwa kuwa kisingizio. Kila mmoja anayajua masimulizi ya Nabii Yona, ambaye ndugu zetu Waislamu humwita Yunus, yule aliyeomba akiwa katika giza la tumbo la samaki. Basi mkumbuke na mabaharia wake. Kitabu cha Yona chasema dhoruba ilipowakuta, kila mmoja alimlilia mungu wake, na hapohapo wakatupa shehena majini ili chombo kiwe chepesi. Sala na kazi vilikwenda pamoja. Ni kweli jitihada haiondoi kudura, lakini kudura nayo haituondolei jitihada. Anayejaza chombo kupita kiasi, kisha watu wakafa, asije akasimama kaburini na kumsingizia Mungu.

Somo hilo hatukulishika. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, huko Ukerewe. Kilitakiwa kuchukua watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Ni zaidi ya mara mbili ya wale waliotakiwa kupanda.

Lakini katika msiba huohuo tuliona jambo jingine. Siku ya Jumamosi, tarehe 22, watu wengi wakiwa wamekwisha kata tamaa, wazamiaji walimtoa fundi mitambo Alphonce Charahani akiwa hai. Alikuwa amekaa mausiku mawili ndani ya kivuko kilichopinduka. Mtu huyu alikuwa katika tumbo la samaki kwa maana halisi. Naye asingetoka kama wale waliokuwa nje wangesema yatosha, turudi nyumbani.

Halafu ikaja Jumapili ya tarehe 6 Novemba, 2022. Ndege ya Precision Air, yenye watu 43, ilitumbukia ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Kijana mvuvi aitwaye Majaliwa Jackson aliifuata kwa mtumbwi, akasaidia kuufungua mlango wa nyuma kwa kutumia kasia. Watu 24 waliokoka, na 19 wakafa. Kijana huyo alijaribu pia kuwafikia marubani, akaumia na kupoteza fahamu, nao marubani hawakupona. Nalitaja hili kwa makusudi. Ujasiri haukuahidiwa kushinda kila mara. Mvuvi yule hakuwa na chombo cha uokoaji. Alikuwa na kasia, akaenda na kasia.

Ndugu wasikilizaji, nimetafuta jibu la swali ambalo watu huuliza baada ya misiba hii, kwamba Mungu alikuwa wapi. Sina jibu la kumpa mama aliyepoteza watoto wake. Ninachoweza kusema ni nilichokiona katika mambo haya. Aliye katika giza mara nyingi hasikii sauti kutoka mbinguni. Husikia mtu anayegonga kutoka upande wa nje. Basi ukiwa ndani, usione haya kugonga, hata kama imani yako imebaki kidogo kama punje ya mtama. Na ukiwa nje, usiondoke mapema.

Mkipita Igoma, barabara ya kwenda Musoma, ingieni katika makaburi ya wahanga wa MV Bukoba. Humo wamelala wengi ambao hawakutambuliwa. Kila tarehe 21 Mei watu hukusanyika hapo kuwaombea. Wanaosali hapo hawaulizi nani alilipia daraja gani. Wanakiri kwamba yupo Mmoja ambaye orodha yake ni kamili, na kwamba sisi tulio hai tunao wajibu wa kuhesabu watu vizuri kabla chombo hakijang'oa nanga.

Mpaka juma lijalo, nawatakieni amani.