Uwanja Mkubwa Wataka Njia ya Kurudi Nyumbani



Mazungumzo haya yanahusu jambo ambalo kwa kawaida huachiwa makondakta wa daladala na askari wa usalama barabarani, ilhali ni jambo la mipango ya nchi: namna umati wa watu unavyofika katika uwanja wa mpira, na namna unavyorudi nyumbani. Kila unapojengwa uwanja mpya, au wa zamani unapopanuliwa, swali la kwanza huwa ni idadi ya viti. Ni wachache wanaouliza ni watu wangapi wanaoweza kuondoka pale kwa usalama katika muda wa saa moja. Hata hivyo swali hili la pili ndilo linalopima ukubwa wa kweli wa uwanja. Kiti kisichokuwa na safari yake ni kiti kilichojengwa nusu.

Mfano ulio karibu uko Temeke, jijini Dar es Salaam. Uwanja wa Uhuru, ambao ndio ulioshuhudia bendera ya Tanganyika huru ikipandishwa Desemba 1961, una nafasi za watu takriban 23,000. Mwaka 2007 ulifunguliwa kando yake uwanja mpya wenye nafasi 60,000, nao mwaka 2020 ukapewa jina la Rais Benjamin Mkapa. Maana yake ni kwamba umati unaoweza kukusanyika kwa mchezo mmoja katika eneo lile uliongezeka kupita mara mbili na nusu. Lakini barabara zinazolifikia eneo hilo, yaani ya Mandela, ya Kilwa, ya Chang'ombe na ya Taifa, ni zile zile ambazo kila siku hubeba malori ya bandarini, wafanyakazi wa viwandani na wanafunzi. Uwanja uliongezeka kwa mara moja; njia zimekuwa zikiufuata kwa hatua za kinyonga.

Yafaa jambo hili litazamwe kwa hesabu, kwa kuwa hesabu haina ushabiki. Ichukuliwe kwamba watu wote 60,000 wanakuja kwa magari madogo, watu wanne katika kila gari. Hayo ni magari 15,000. Kila gari, pamoja na nafasi ya kupitia, likitengewa mita za mraba 25, itahitajika ardhi ya hekta 37 na nusu, ambayo ni sawa na viwanja vya kuchezea zaidi ya 50 vilivyopangwa bega kwa bega. Hapana mji wenye akili timamu utakaotoa ardhi kiasi hicho kwa ajili ya magari yanayosimama saa tatu kisha yakaondoka.

Basi ichukuliwe tena kwamba theluthi moja tu ya umati, yaani watu 20,000, wanaondoka kwa mabasi. Kwa daladala ya abiria 30 zitahitajika safari 667. Kwa basi refu la mwendokasi linalobeba watu 150 zitahitajika safari 134. Likiondoka basi moja kila dakika, abiria wa mwisho atapanda baada ya saa mbili na dakika 14. Yakiondoka mawili kila dakika, kazi itakwisha kwa dakika 67. Tofauti ya hali hizi mbili haitokani na wingi wa mabasi peke yake. Inatokana na kuwapo kwa kituo chenye nafasi ya mabasi kadhaa kupakia kwa pamoja, foleni iliyonyooka, na nauli ambayo imekwisha kulipwa kabla mtu hajaufikia mlango wa basi.

Kabla ya kulifikia basi, mtu hutembea. Wataalamu wa usalama wa viwanja nchini Uingereza hukadiria kwamba katika njia tambarare hupita watu 82 kwa dakika kwa kila mita moja ya upana, na katika ngazi watu 66. Kwa kipimo hicho, njia ya miguu yenye upana wa mita sita itapitisha watu 20,000 kwa muda wa dakika 41 hivi. Nusu ya njia hiyo ikishikwa na bodaboda, meza za jezi na majiko ya chipsi, muda huo utakuwa mara mbili. Hakuna aliyekusudia kumdhuru mwenzake. Mwenye bodaboda anatafuta riziki, na mwenye jiko vilevile. Lakini njia imekwisha kuwa chupa yenye shingo nyembamba.

Ndugu wasikilizaji, msongamano wa namna hiyo si kero tu. Huua. Januari 2, 1971, katika Uwanja wa Ibrox mjini Glasgow, watu 66 walikufa mchezo ulipokwisha, walipobanana katika ngazi moja ya kutokea. Januari 24, 2022, watu wanane walikufa katika lango la Uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, siku ambayo Kamerun ilicheza na Komoro katika fainali za Mataifa ya Afrika. Na Temeke nayo ina huzuni yake. Machi 21, 2021, wananchi walipofurika Uwanja wa Uhuru kuuaga mwili wa Rais John Magufuli, watu 45 walipoteza maisha katika msongamano. Mei 28, 2023, siku ya mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Yanga na USM Alger ya Algeria, mtu mmoja alifariki katika msongamano uliotokea kwenye Uwanja wa Mkapa, na wengine wakajeruhiwa.

Yafaa izingatiwe kwamba vifo vya namna hii hutokea zaidi ngazini, langoni na njiani, mahali ambapo watu wanaingia au wanatoka. Umati unaofika wote kwa mara moja hulisukuma lango. Umati unaotoka bila kuona usafiri hukimbilia basi la kwanza. Hivyo ratiba ya mabasi ni sehemu ya ulinzi wa uhai, sawasawa na ukuta na taa.

Liko pia suala la haki. Mchezo unapoanza saa moja usiku, hukaribia kwisha saa tatu. Mwenye gari lake atachelewa, lakini atafika. Mfanyakazi wa Gongo la Mboto au mama lishe wa Mbagala Rangi Tatu hana budi kuchagua mambo mawili: aondoke dakika 20 kabla ya mwisho, au abaki halafu alipe bodaboda fedha inayozidi bei ya tikiti aliyokatia. Mwanamke aliyekuja na mtoto huona afadhali asije kabisa. Uwanja uliojengwa kwa mali ya umma ukiwa mwepesi kwa wenye magari na mzito kwa wapanda daladala, umma umenyang'anywa kilicho chake bila hata mtu kutamka neno la kuwafukuza.

Mtu anaweza kusema kwamba nchi tajiri zimelimaliza tatizo hili, na kwamba dawa yake ni fedha nyingi. Mfano wa mji wa Liverpool unaonyesha mambo mengine. Uwanja wa Anfield uko katikati ya mitaa ya makazi, na hauna kituo cha reli mlangoni. Mwaka 2016 jukwaa lake kuu lilipanuliwa na nafasi zikafikia 54,000 hivi; mwaka 2024 jukwaa jingine likakamilika na nafasi zikawa takriban 61,000. Reli mpya haikujengwa. Kilichofanyika ni kuiunganisha reli iliyopo na uwanja: siku ya mchezo mabasi maalumu huenda na kurudi kati ya uwanja na kituo cha Sandhills, na abiria anaweza kukata tikiti moja ya treni na basi. Katika mitaa ya jirani, siku hiyo nafasi za kuegesha magari barabarani hutengwa kwa wakazi wenye vibali.

Hata hivyo Liverpool nayo haijastarehe. Mwaka 2025 klabu jirani ya Everton ilihamia uwanja mpya ulioko kwenye gati za zamani za bandari, wenye nafasi zaidi ya 52,000, na mashabiki wake wengi wakaelekea kituo kile kile cha Sandhills. Ikabidi kutengwa eneo la foleni nje ya kituo ili watu waingie kwa makundi. Funzo lake ni kwamba kituo kimoja hakiwezi kubebeshwa kila mzigo, na kwamba upanuzi wa uwanja haukomi siku ya kukata utepe.

Ujerumani nayo ilifanya jambo jepesi katika fainali za Mataifa ya Ulaya za mwaka 2024. Mwenye tikiti ya mchezo alipewa haki ya kutumia usafiri wa umma wa mji husika kwa muda wa saa 36. Hakuna aliyesimama mlangoni mwa basi akitafuta chenji.

Tanzania haianzii patupu. Mabasi ya mwendokasi yalianza kazi Dar es Salaam mwaka 2016 katika njia ya Kimara, na ujenzi wa awamu ya pili ukapitishwa Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, ambako mabasi yalianza kupita mwaka 2025. Njia hiyo ni jirani ya uwanja. Stesheni ya TAZARA nayo iko kilomita chache tu kutoka hapo, na tangu mwaka 2012 reli hiyo ilikwisha kutumika kwa treni ya abiria wa mjini. Vitu vipo, kinachohitajika ni kuviunganisha. Nayo haja ni ya karibu, kwa kuwa mwaka 2023 Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika liliikabidhi Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, dhamana ya fainali za mwaka 2027. Wageni watakwenda zao. Njia zitakazotengenezwa zitabaki na wenyeji.

La kwanza la kufanywa ni kujua umati unatoka wapi. Tikiti za elektroniki zinaweza kutumika kumwuliza mnunuzi neno moja tu: eneo anakotoka. Baada ya michezo kumi wapangaji watajua ni mabasi mangapi yapelekwe Mbagala, mangapi Gongo la Mboto, na mangapi Tegeta.

La pili ni njia za miguu. Kati ya malango na vituo vya Barabara ya Kilwa pawe na njia pana, yenye taa, isiyoingiliwa na chombo chochote siku ya mchezo. Wachuuzi wasifukuzwe, watengewe mahali pao kando, palipochorwa na kujulikana. Na njia moja iachwe wazi wakati wote kwa gari la wagonjwa na la zimamoto.

La tatu ni mabasi yenyewe. Hapa pana hoja inayostahili kujibiwa. Mkazi wa Kimara asiyependa mpira atauliza kwa nini basi lake lihamishiwe Temeke. Ana haki ya kuuliza. Lakini michezo mingi mikubwa huwa Jumamosi, Jumapili au usiku, saa ambazo mabasi ya shule na ya wafanyakazi yamelala. Hayo yanaweza kukodiwa kwa utaratibu unaojulikana, yakakaguliwa, nauli ikajumlishwa katika tikiti ya mchezo, na mkazi wa Kimara akabakiwa na basi lake.

La nne, ambalo ndilo zito kuliko yote, ni kuwa na msimamizi mmoja. Leo barabara kuu ina mamlaka yake, barabara ya mtaa ina yake, leseni za daladala zina yake, mwendokasi una wake, askari ana kamanda wake na uwanja una meneja wake. Kila mmoja akitimiza wajibu wake barabara, bado shabiki anaweza kukosa usafiri, maana hakuna hata mmoja aliyepewa jukumu la safari nzima. Yafaa iwepo kamati moja yenye mwenyekiti mwenye mamlaka, ikutane kabla ya kila mchezo mkubwa, na ikutane tena baadaye kujibu swali moja: mtu wa mwisho alipanda basi saa ngapi? Jibu hilo litangazwe kama yanavyotangazwa mapato ya mlangoni.

Wapo watakaosema kwamba siku za michezo mikubwa ni chache katika mwaka, na kwamba si busara kujenga kwa ajili ya siku chache. Lakini njia ya miguu yenye taa itatumiwa kila jioni na mwanafunzi wa Chuo cha Elimu cha Chang'ombe na mfanyakazi anayetoka kiwandani. Kamati, foleni na tikiti moja havihitaji saruji; vinahitaji watu wa ofisi mbalimbali kukaa meza moja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na gharama ya ukuta huu Temeke imekwisha kuilipa kwa roho za watu.

Ndugu Mwenyekiti, mpango wowote wa kujenga au kupanua uwanja unapoletwa mezani, mtumishi wa umma anayeupokea asiridhike na picha ya majukwaa. Autafute ukurasa unaoeleza watu watarudije makwao. Asipouona, aurudishe mpango huo kwa waliouleta, kwani haujakamilika.